Daktari wa nini? Maswali yenu kuhusu wataalamu wakati wa mlipuko

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: ugonjwa ukiingia, kila simu ina daktari wake, na madaktari hao hawapatani. Tumechagua sita. Majina ya waandishi tumeyaacha, tumebaki na miji yao.

Mhariri, salaam. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema huenda kuna ugonjwa wa Marburg Biharamulo, kesho yake wizara ikasema hakuna. Baada ya siku chache Rais akatangaza kwamba ipo. Sisi wa Kagera tulipaswa kumwamini nani, na siku zile za katikati tulitakiwa tufanye nini? (Bukoba)

Tuanze na kauli zenyewe, maana hazikuwa zikijibu swali moja. Tarehe 14 Januari WHO walitaja wagonjwa wanaoshukiwa: 9, na 8 kati yao walikuwa wameshafariki. Tarehe 15 wizara ikazungumzia sampuli zilizopimwa na kukutwa hazina kirusi. Tarehe 20 Rais akatangaza kwamba mgonjwa amethibitishwa. Ukizisoma kwa utulivu, kauli mbili za kwanza zingeweza kuwa kweli zote kwa wakati mmoja.

Anayeshukiwa ni mtu mwenye dalili zinazofanana na za ugonjwa, ambaye bado hajapimwa au majibu yake hayajatoka. Aliyethibitishwa ni yule ambaye kipimo cha PCR kimeona vinasaba vya kirusi kwenye damu yake. Kati yao kuna kundi ambalo habari za redio hulisahau: aliyekufa na kuzikwa kabla ya kuchukuliwa sampuli, lakini ikabainika alihusiana na mgonjwa aliyethibitishwa. Mlipuko wa Biharamulo ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, hesabu ilifikia watu 10, na wote walifariki. Waliothibitishwa maabara ni 2 tu. Wale 8 waliobaki ni wa kundi hilo la katikati.

Mambo huharibika pale “hatujaona” inapotamkwa kama “hakuna”. Damu ikichukuliwa ndani ya siku tatu za mwanzo za dalili, kirusi kinaweza kuwa bado kidogo mno kuonekana, ndiyo maana mgonjwa wa namna hii hupimwa tena baada ya saa 72. Kwa hiyo msemaji akisema majibu ni hasi, yapo mambo ya kumdai. Sampuli ni ngapi? Ni za wagonjwa au za watu waliogusana nao? Zilichukuliwa siku ya ngapi ya dalili? Zimepimwa maabara ipi, na kipimo kimerudiwa? Anayeyataja hayo bila kuulizwa tunampa uzito mkubwa kuliko anayesema tu wananchi muwe watulivu, awe wa Dodoma au wa Geneva.

Na siku zile za katikati? Pimeni gharama ya tahadhari. Kutoosha maiti ya mtu aliyekufa kwa homa kali, kutogusa damu wala matapishi, kupiga 199 bila malipo, kuhesabu siku 21 tangu ulipogusana na mgonjwa: hayo yana gharama ndogo, na hayahitaji kwanza kujua nani ameshinda ubishi. Kufunga duka na kuhamishia familia wilaya nyingine ni gharama kubwa, tena ndiyo njia ya kuusafirisha ugonjwa. Hilo lisubiri uthibitisho. Tukiongeza letu: mtaalamu wa kwanza wa mlipuko kwa kawaida ni muuguzi wa zahanati anayeona nyumba moja ikizika mara ya pili ndani ya wiki. Yeye hajui jina la kirusi, ila anajua kwamba hii si malaria aliyoizoea. Kauli yake ina thamani kabla ya maabara kufungua mlango.

Hamjambo. Kaka yangu hunitumia video za washindi wa Nobel wanaopinga chanjo. Mimi ni fundi cherehani, nitabishanaje na mshindi wa Nobel? (Mombasa)

Dada, usibishane naye. Muulize kaka: tuzo ile alipewa kwa kazi gani? Kary Mullis alipata Nobel ya kemia mwaka 1993 kwa kubuni PCR, mbinu ambayo hadi leo hutumika kupima wingi wa VVU kwenye damu. Mtu huyohuyo alikana kwamba VVU ndivyo vinavyoleta UKIMWI. Luc Montagnier alipewa ya 2008 kwa kushiriki kugundua VVU, na miaka yake ya mwisho akatoa madai kuhusu chanjo za Korona ambayo watu wanaofanya kazi ya chanjo hawakuona ushahidi wake. Tuzo hutolewa kwa jambo moja lililokwisha kuthibitika. Haifanyi kila atakachosema mtu baadaye kuwa kweli.

Mfano uliogharimu zaidi uko Afrika Kusini. Peter Duesberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijipatia sifa ya haki kwa kazi yake juu ya virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Kisha akashikilia kwamba VVU havina madhara. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki aliunda jopo la ushauri kuhusu UKIMWI, na Duesberg na wenzake wakawemo. Wakati huo ushahidi ulikuwa umeshatoka, tena hapahapa jirani: majaribio yaliyofanyika Kampala na kutangazwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba dozi moja ya dawa ya VVU iitwayo nevirapine kwa mama mwenye uchungu, na moja kwa mtoto, hupunguza maambukizi kwa karibu nusu ukilinganisha na dawa nyingine, AZT, iliyotolewa kwa muda mfupi. Julai 2000, kabla ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa Durban, wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini tamko kwamba VVU ndiyo chanzo. Serikali iliendelea kusitasita. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kuchelewesha dawa kati ya 2000 na 2005 kuligharimu maisha zaidi ya 330,000.

Tunavyoona sisi, kuwaita wapinzani kwenyewe hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuwapa nusu ya ukumbi, kana kwamba ni mdahalo wa shule, wakati upande mmoja ulikuja na majaribio na mwingine ulikuja na hoja.

Ukitaka kumchunguza mtu mwenyewe, fungua PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, kwenye simu, ni bure. Andika jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lake, halafu jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Angalia miaka: kazi ya mwisho juu ya ugonjwa huo ni ya lini? Angalia aina: ni utafiti alioufanya, au barua ya maoni kwa mhariri? Makala 200 za virusi vya kuku na barua moja kuhusu chanjo zinamfanya mtaalamu wa virusi vya kuku. Jihadhari na majina yanayofanana. Chuo kilichoandikwa chini ya jina kilingane na chuo anachodai kutoka.

Bwana Mhariri, mwaka 2019 huku Kivu Kaskazini Waziri wa Afya Oly Ilunga alikuwa munganga (daktari), na Profesa Muyembe, bingwa wa virusi, naye ni munganga. Wakakosana juu ya chanjo ya pili ya Ebola. Wakubwa wakikosana hivyo, sisi tufuate nani? (Butembo)

Mkiwaona wataalamu wawili wa kweli wanagombana, chorea mstari mahali ugomvi unapoanzia. Ilunga na Muyembe hawakugombana kama Ebola ipo, wala kama mgonjwa atengwe, wala kama chanjo ya kwanza, ile ya rVSV, inakinga. Chanjo hiyo iliwafikia watu zaidi ya 300,000 katika mlipuko ule, kwa kuwazungushia kinga waliogusana na mgonjwa na wale waliogusana na hao. Yote yaliyo nyuma ya mstari yalikuwa salama kufuatwa.

Ubishi ulikuwa juu ya kuingiza chanjo ya Johnson & Johnson, ambayo ni ya dozi mbili zinazopishana siku 56. Chanjo ya namna hiyo haimfai mtu aliyemgusa mgonjwa jana. Inaweza kuwafaa watu walio mbali kidogo na moto. Ilunga aliona kwamba kuleta chanjo nyingine mahali ambapo watu tayari wanazishuku timu za Ebola kungezidisha uvumi. Julai 2019 Rais Tshisekedi alimkabidhi Muyembe usimamizi wa kazi yote, Ilunga akajiuzulu, na Novemba chanjo ya pili ikaanza kutolewa Goma. Swali lao, basi, nusu lilikuwa la kinga ya mwili na nusu la imani ya watu. Kwenye nusu ya pili, chifu wa mtaa, padri na mama wa sokoni wana ujuzi ambao profesa wa virusi hana. Hawakukosea waliotaka wasikilizwe.

Kuhusu Muyembe mwenyewe, kuna jambo kubwa kuliko cheo chake. Mwaka 1976 alifika Yambuku, Kongo, na kuchukua damu za wagonjwa wa ugonjwa uliokuwa bado hauna jina. Mwaka 1995 kule Kikwit, wagonjwa 8 walitiwa damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Mtu mwingine angeanzia hapo kuuza dawa. Lakini wagonjwa 8 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Huenda walipona kwa sababu walihudumiwa vizuri zaidi, au kwa sababu walikwisha kuvuka siku mbaya zaidi za ugonjwa. Wazo hilo lilibaki wazo. Baadaye kutoka damu ya mtu aliyepona Kikwit ikatengenezwa kingamwili iitwayo mAb114.

Novemba 2018, mlipuko ukiwa umewaka, ikaingizwa kwenye majaribio pamoja na dawa nyingine tatu, na kila mgonjwa akapangiwa dawa kwa bahati nasibu. Waliandikishwa watu 681. Agosti 2019 majaribio yakasimamishwa kabla ya muda kwa kuwa tofauti ilishaonekana: ndani ya siku 28 walifariki asilimia 35 ya waliopewa mAb114 na karibu 34 ya waliopewa REGN-EB3. Kwenye ZMapp, dawa iliyotumainiwa sana tangu mlipuko wa Afrika Magharibi, walifariki asilimia 50. Kwenye remdesivir, 53. Muyembe aliiacha kingamwili yenye asili ya Kikwit iwekwe mizani moja na za wengine, mahali ambapo ingeweza kushindwa hadharani. Kwetu sisi hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote tunavyovijua: mtu anayejitengenezea mazingira ya kuumbuliwa, kisha akaeleza matokeo yakiwa yoyote.

Nikikataa dawa ya kwenye WhatsApp naambiwa “utafiti umethibitisha”. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nipeni namba za kuangalia, si mawaidha. (Morogoro)

Mwalimu, chukua utafiti maarufu wa Didier Raoult wa Marseille, Machi 2020, uliosema haidroksiklorokwini huondoa kirusi cha Korona. Waliopewa dawa walikuwa 26. Waliolinganishwa nao, ambao hawakupewa, walikuwa 16. Matokeo yalipohesabiwa, upande wa dawa walihesabiwa 20 tu. Sita walikwenda wapi? Watatu walihamishiwa chumba cha mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliondoka hospitali, na mmoja aliacha dawa kwa kichefuchefu. Kwa kuwa hawakupimwa pua hadi siku ya mwisho, waliondolewa. Warudishe: waliozidiwa au kufa ni 4 kati ya 26 kwa waliopewa dawa, na 0 kati ya 16 kwa wasiopewa. Sasa ni utafiti gani huo unaoisifu dawa?

Endelea kuukagua. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na baadhi ya wa kulinganisha walitoka hospitali nyingine. Kilichopimwa ni kirusi puani, si kupona wala kufa. Jarida liliupokea siku moja baada ya kuwasilishwa, na mmoja wa waandishi alikuwa mhariri mkuu wa jarida hilo. Uingereza ikaja na majaribio ya RECOVERY: 1,561 walipewa dawa, 3,155 hawakupewa, wote kwa bahati nasibu. Waliofariki ndani ya siku 28 ni asilimia 27 upande wa dawa na 25 upande wa pili. Haikuokoa. Makala ya Marseille yenyewe iliondolewa rasmi Desemba 2024, na ndiyo maana kabla ya kuamini makala yoyote inafaa utazame juu ya ukurasa kama pana neno Retracted.

Usidhani namba kubwa zinatosha. Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyosema dawa hiyohiyo inaua, ikidai kuwa na takwimu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671, zilizokusanywa na kampuni ya Surgisphere. Wasomaji wakafanya hesabu ambayo wanafunzi wako wangeiweza: makala ilikuwa na vifo 73 vya Australia hadi siku ambayo nchi nzima ilikuwa imeandikisha vifo 67. Kampuni ikashindwa kuonyesha takwimu zake, na makala ikaondolewa tarehe 4 Juni, haijamaliza wiki mbili. Kwa hiyo hata ikiwa namba zinakupendeza, tafuta kitu cha kuzilinganisha nacho nje ya makala yenyewe.

Kwa dawa za mitishamba kipimo ni hikihiki, hakuna cha pembeni. Dawa ya Korona ya Madagaska iliyozinduliwa na Rais Rajoelina Aprili 2020, ambayo shehena yake ilifika hadi Tanzania, ilikuwa na mmea wa Artemisia. Mmea huo si wa kudharau, maana ndio uliotoa artemisinini ya malaria, na Tu Youyou wa China akapata Nobel ya 2015 kwa kazi hiyo. Lakini malaria huletwa na kijidudu tofauti kabisa na kirusi. Kilichokosekana siku ya uzinduzi ni kundi la kulinganisha.

Mbona hao wataalamu wenu nao hugeuka? Mwanzo barakoa hazina haja, baadaye kila mtu avae. (Nairobi)

Ni kweli, na kwa hili WHO hawastahili kutetewa sana. Tarehe 28 Machi 2020 waliandika kwa uhakika kwamba Korona haisambai kwa hewa. Hadi tarehe 5 Juni ndipo waliposhauri barakoa za kitambaa kwa watu wote mahali pa msongamano. Julai wanasayansi 239, wakiongozwa na Lidia Morawska na Donald Milton, waliandika barua ya wazi kwamba chembe ndogo za mate huelea hewani ndani ya vyumba visivyopitisha hewa. Iliwachukua WHO hadi 2021 kulieleza hilo waziwazi.

Morawska hakuwa daktari wa wagonjwa. Ni mwanafizikia wa Brisbane, kazi yake ni chembe zinazoelea hewani. Kwa swali la tone linakaa angani muda gani, yeye alikuwa mtaalamu, na madaktari wengi wa kudhibiti maambukizi walikuwa wanarudia kanuni ya mita moja au mbili waliyofundishwa chuoni. Mwangalie sasa pamoja na Duesberg wa barua ya Mombasa. Wote wawili walipinga wakubwa. Mmoja alikuwa ndani ya fani yake akiwa na vipimo, na mwingine alikuwa ametoka nje ya fani yake akikataa vipimo vya wengine.

Kugeuka kwenyewe hakutuambii kitu. Sikiliza namna mtu anavyogeuka. Anayefaa husema: tulisema hivi, sasa utafiti fulani umeonyesha vile, kwa hiyo ushauri umebadilika kuanzia leo. Anayegeuka kimyakimya, akafuta alichoandika jana, mwekee alama. Na asiyegeuka hata mara moja kwa miaka mitano ya ugonjwa mpya, huyo mwekee alama mbili.

Shikamooni. Mimi niko Muscat. Kwenye kundi letu kuna “Dkt.” wa Tanga anayetoa ushauri na kuuza chupa za kuongeza kinga. Nimkague vipi nikiwa mbali? (Muscat)

Marahaba. Anza na hiyo “Dkt.”, kwa sababu huandikwa na daktari wa tiba, na mwenye shahada ya uzamivu ya uchumi, na aliyetunukiwa kwa heshima tu. Mwombe majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, namba ya usajili na jina la baraza. Tanzania Bara daktari wa tiba husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mfamasia na Baraza la Famasi, mganga wa asili na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Zanzibar wana mabaraza yao. Angekuwa Mkenya ungetafuta jina lake kwenye tovuti ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na leseni iwe ya mwaka huu, kwa maana huhuishwa kila mwaka. Kukasirika akiombwa namba ni jibu tosha. Usajili nao unakuambia tu kwamba alisoma na hajafutwa, haukuambii kwamba anachosema leo ni sahihi.

Kisha fedha. Andrew Wakefield alikuwa daktari aliyesajiliwa alipochapisha mwaka 1998 makala ya watoto 12 iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Wasomaji hawakuambiwa kwamba alikuwa akilipwa na wanasheria waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo, wala kwamba mwaka uliotangulia aliomba hataza (haki miliki ya uvumbuzi) iliyohusu chanjo ya surua pekee. Makala ilifutwa 2010, na jina lake likaondolewa kwenye daftari la madaktari mwaka huohuo. Huyo wa kundi lenu anatoa tahadhari na anauza chupa kwa pumzi moja, kwa hiyo ushauri wake uhesabu kuwa tangazo la biashara hadi mtu asiye na chupa aseme vivyo hivyo.

Chupa yenyewe itafute kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Kusajiliwa kama chakula au kirutubisho hakumpi muuzaji ruhusa ya kusema inatibu. Mkitaka kumripoti, pigeni picha lebo yote ikiwemo namba ya toleo na tarehe ya kwisha, hifadhini ujumbe wake ukiwa na tarehe na namba ya simu aliyopokelea malipo, na msiitupe chupa hata ikiwa imebaki tupu, kwani masalia ya chini huweza kupimwa.